Maisha ya Nyumbani: Nguzo Nayo Hutunzwa



Mara nyingi ukurasa huu husema juu ya watoto: masomo yao, adabu yao, chakula chao. Leo twataka kusema juu ya wale wanaowalisha watoto hao, wanaowalipia shule, wanaoamka usiku mtoto akishikwa na homa. Twasema juu ya baba na mama waliokwisha kupita miaka 40 na hawajafika 60. Hao si vijana tena, wala si wazee. Wana nguvu bado, na kwa sababu hiyo kila mtu huwaegemea: watoto upande huu, wazazi wazee upande ule, na katikati ndugu wa kijijini, majirani, chama cha akiba na kazi za parokia.

Nyumba yenye nguzo moja ya katikati, watu hupaka chokaa kuta zake za nje ili zipendeze. Nguzo hawaitazami, maana imesimama. Lakini mchwa hawali kuta zilizopakwa chokaa. Siku wanapomaliza kazi yao ndani ya mti, paa lote hushuka kwa saa moja.

Mambo hayo hutokea katika mitaa yetu, iwe Lubumbashi, iwe Bukavu, iwe Kalemie. Baba wa miaka 48 amekula vizuri jioni, amecheka na watoto. Asubuhi mkono wake wa kuume hauinuki, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Hapo mmoja husema: «Amelogwa.» Mwingine huanza kutafuta adui katika ukoo. Wakiwa katika kutafuta adui, saa zapita, nazo ni saa zile zile ambazo mganga wa hospitali angeweza kumsaidia. Kisha binti mkubwa huacha shule ili amwoshe na kumlisha baba yake, mama huuza cherehani, na wadogo hurudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mtu mmoja ameanguka, na watu wanane wameanguka pamoja naye.

Kwa hiyo, mtu akituambia kwamba kujitunza ni ubinafsi, twamjibu: Nguzo haitunzwi kwa ajili yake yenyewe. Hutunzwa kwa ajili ya wote wanaolala chini ya paa.

Adui asiyepiga hodi

Mara nyingi adui wa baba huyo alikuwa ndani ya mwili wake mwenyewe kwa miaka mingi, bila kelele: shinikizo la damu, ambalo watu wetu huliita tansio. Mwaka 2023 Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, lilitoa taarifa yake ya kwanza ya dunia nzima juu ya ugonjwa huo. Lilisema kwamba mtu mzima mmoja kati ya watatu anao, na kwamba kati ya wagonjwa watano, wanne hawatibiwi inavyotakiwa. Wengi hawajui hata kama ni wagonjwa.

Na watajuaje? Watu wengi hudhani kwamba tansio lazima iumize kichwa au ilete kizunguzungu. Sivyo. Kwa kawaida haiumi popote. Hupiga mishipa polepole, mchana na usiku, hata moyo uchoke, mafigo yaharibike, au mshipa wa kichwani upasuke au uzibe. Njia ya kuijua ni moja tu: kupimwa. Yafaa kila aliyetimiza miaka 40 apimwe angalau mara moja kwa mwaka kwenye kituo cha afya. Kupima ni kazi ya dakika chache, mkono ukiwa umefungwa kitambaa kinachojazwa hewa. Mwuguzi akisoma 140 juu ya 90 au zaidi, na akisoma hivyo tena siku nyingine, shurti mganga aambiwe.

Kuna kosa jingine, nalo laua watu wenye akili. Mgonjwa amepewa vidonge, amevimeza miezi miwili, akapimwa, akaambiwa: «Sasa ni sawa.» Basi afurahi na kuviacha. Lakini ni sawa kwa sababu ya vidonge! Mwenye kufunga paa lake kwa misumari hang’oi misumari kwa kuwa paa limetulia. Asiviache ila kwa neno la mganga.

Kila kazi hutoa kitu na hunyima kitu

Sasa tufike kwenye desturi za kila siku. Watu husikia kwamba yafaa kutembea, basi wote waambiwa watembee. Husikia kwamba yafaa kupumzika, basi wote waambiwa wapumzike. Sisi twaona kwamba shauri moja haliwezi kumfaa kila mtu, na twapenda kueleza kwa mfano wa kweli.

Katika mji wa London, baada ya vita vya pili vya dunia, palikuwa na mabasi ya ghorofa. Kila basi lilikuwa na watu wawili wa kazi: dereva aliyekaa kitini siku nzima, na mwenzake wa kukatisha tikiti, ambaye alipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima. Mganga mmoja, jina lake Jerry Morris, alichunguza maelfu ya wafanyakazi hao, watu wa miaka 35 hadi 64. Mwaka 1953 akatangaza alichokiona: wakatisha tikiti walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva, na walioupata walikufa kwa uchache zaidi. Kampuni moja, basi moja, mji mmoja; tofauti ilikuwa kiti na ngazi. Aliona hali kama hiyo kwa watu wa posta: waliopeleka barua kwa miguu na kwa baisikeli walikuwa na moyo wenye afya kuliko makarani waliokaa ofisini.

Morris hakuishia hapo. Mwaka 1956 alionyesha, kwa kupima sare za kazi, kwamba madereva walikuwa na viuno vinene zaidi ya wenzao, hata wale waliokuwa vijana bado. Maana yake, kiti si sababu pekee. Chakula na unene navyo vina sehemu yao. Hata hivyo uchunguzi mwingi wa baadaye umethibitisha neno lake la kwanza. Yeye mwenyewe aliendelea kufanya mazoezi mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2009, mwenye miaka 99.

Basi tuiweke hekima hiyo katika mitaa yetu. Karani, mwalimu, fundi wa cherehani, mlinzi wa lango, motari anayekaa juu ya pikipiki yake toka asubuhi mpaka usiku: kazi ya hao huwapa mkate, lakini huwanyima mwendo. Kwao yafaa kuongeza miguu. OMS lashauri dakika 150 kwa juma za mwendo unaoharakisha pumzi kidogo, yaani nusu saa kwa siku tano. Si lazima kuvaa viatu vya mchezo. Mwalimu ashuke gari mapema kidogo na kumaliza njia kwa miguu. Motari, akingoja abiria, ashuke pikipiki, atembee kando ya barabara badala ya kulala juu ya kiti. Tena, kwa kuwa nyama za mwili hupungua kadiri miaka inavyokwenda, mara mbili kwa juma afanye kazi ya nguvu: kuchota maji, kupasua kuni, kulima bustani, au hata kukaa na kusimama mara 15 bila kushika kiti.

Lakini mtazame mama anayepanda mlima wa Bukavu, mgongoni gunia la makaa, kamba yake imefungwa kwenye paji la uso. Je, tumwambie atembee nusu saa? Hilo lingekuwa dhihaka! Kazi yake humpa mwendo kupita kiasi, na humnyima vitu vingine: kula asubuhi, kunywa maji, kunyosha mgongo, kulala. Kwake kujitunza ni kuweka mzigo chini kabla ya kuchoka kabisa, ni kugawa gunia kwa safari mbili ikiwezekana, ni kunywa uji kabla ya kutoka.

Hapa ndipo penye neno letu lote la leo. Usawa wa maisha haupatikani kwa kufanya kama jirani. Kila mtu ajiulize jioni: «Kazi yangu imenipa nini leo, na imeninyima nini?» Kile ilichokunyima, hicho ndicho ujitafutie.

Chungu cha nyumbani

Chakula chetu cha zamani hakina ubaya. Sombe, lengalenga, maharagi, ndizi, sambaza wa ziwa, hata fufu au bukari kwa kiasi: ni vyakula vyema. Ubaya umeingia kwa mlango mdogo, na mlango wenyewe ni chumvi na sukari.

OMS lasema chumvi ya mtu mzima isifike gramu 5 kwa siku, ndiyo kijiko kidogo kimoja cha chai. Na katika kijiko hicho shurti kuhesabu ile iliyofichika: katika mkate, katika makayabu, na katika vile vidonge vidogo vya kukolezea mchuzi. Mama atiaye vidonge viwili na kisha kijiko cha chumvi ametia chumvi mara mbili bila kujua. Atumie kitunguu, nyanya, tangawizi, ndimu na pilipili. Ulimi utazoea baada ya majuma machache. Makayabu waloweshwe usiku kucha, na maji yamwagwe. Mawese hatusemi yaachwe, lakini pale tulipozoea kumimina, tupime kwa kijiko.

Juu ya sukari, twatoa hesabu moja tu. Chupa ya sentilita 33 ya kinywaji kitamu huwa na sukari ya gramu 30 au zaidi, yaani vijiko vidogo saba hivi. Hakuna mtu ambaye angetia vijiko saba katika kikombe chake cha chai bila kuona haya. Lakini kwa kuwa vimo ndani ya chupa, twavinywa na kuomba chupa ya pili. Kwa mtu wa miaka 50 mwenye kazi ya kukaa, hiyo ni njia fupi ya kwenda kwenye ugonjwa wa sukari. Na pombe? Hupandisha tansio na huvunja usingizi. Anayesema yamsaidia kulala hupata usingizi wa saa tatu, kisha huamka na kugeuka-geuka mpaka alfajiri.

Wengine watasema: «Hayo ni mambo ya matajiri.» Twajibu kwamba chumvi iliyopunguzwa, chupa isiyonunuliwa na pombe iliyoachwa hubakiza fedha mfukoni. Lengalenga hupandwa hata nyuma ya jiko.

Usingizi, na haki ya mama

Mtu mzima ahitaji kulala saa 7 au zaidi kila usiku. Nani katika nyumba zetu huzipata? Baba hukaa na simu mkononi mpaka usiku wa manane, akisoma habari zisizomhusu. Mama hulala wa mwisho, baada ya kuosha vyombo na kutengeneza nguo za shule, na huamka wa kwanza, kuwasha moto. Tena ndiye anayekula wa mwisho, mara nyingi ukoko na mchuzi uliobaki. Kisha watu hushangaa kwamba mama amekuwa mkali.

Wasomaji wa parokia wajua Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6. Tukiitazama hapa kwa jambo moja tu, twaona kwamba iligawa siku kwa sala, kazi, kusoma na kulala, kila jambo kwa saa yake. Wakati wa joto iliwapa wamonaki saa ya kupumzika kitandani baada ya chakula cha mchana, na iliagiza wazee na watoto wahurumiwe katika chakula. Watu waliojitoa kwa maisha magumu waliandika pumziko katika sheria yao! Walijua kwamba pumziko lisiloandikwa saa yake halifiki kamwe.

Basi, baba wa nyumba, uandike saa ya mama. Si kwa wino, kwa matendo. Nusu saa kila siku ambamo hakuna amwitaye: akae, alale, azungumze na jirani, kama apendavyo. Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, vyombo vya jioni ni kazi yenu, wavulana kwa wasichana. Kijana aliyejifunza hesabu hashindwi kuosha sahani kumi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulificha. Kwa mwanamke, kati ya miaka 45 na 55 mara nyingi, damu ya mwezi hukoma. Katika miaka hiyo joto la ghafla huweza kumpanda, usingizi hukatika, moyo hubadilika leo furaha kesho machozi. Huo si wazimu, wala si ubaya wa roho. Ni mwili unaovuka mto. Mume ajue hilo, apunguze maneno na kuongeza uvumilivu. Naye mama akisumbuka sana, aende kwa mganga bila haya. Kadhalika macho: baada ya miaka 40 mtu huanza kusogeza kitabu mbali, na fundi hushindwa kutia uzi katika sindano. Miwani ya kusomea yatosha. Asiache kazi wala kusoma kwa jambo dogo hilo.

Mtu ni watu

Wanaume wa umri huu wana maradhi yao ya siri: hunyamaza. Deni, kazi iliyokwisha, mtoto aliyepotea njia, yote hukaa kifuani. Mwaka 1938, huko Marekani, chuo kikuu cha Harvard kilianza kufuata maisha ya vijana wake 268, na uchunguzi umeendelea miaka zaidi ya 80, hata kwa watoto wao. Miongoni mwa mambo yaliyoonekana ni hili: waliokuwa na uhusiano mwema na watu wao walipokuwa na miaka 50 walikuwa na afya njema zaidi walipofika 80. Wahenga wetu wasingeshangaa. Kuketi na rafiki jioni ya Jumapili, bila biashara na bila chupa nyingi, nako ni kuutunza mwili.

Namna ya kuanza

Twamjua mtu wa Januari Mosi: siku ya kwanza aapa kuamka saa kumi za alfajiri, kukimbia, kuacha chumvi, kuacha pombe na kusoma kitabu kila juma. Siku ya tisa amerudi alikokuwa, na haya juu. Alijitwika mlima.

Mwaka 2009 wataalamu wa London walitangaza uchunguzi wa watu 96, kila mmoja akiwa amechagua desturi moja ndogo, kama kunywa maji wakati wa chakula au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Ilichukua siku 66, kwa wastani, mpaka jambo lile lifanyike lenyewe bila kujilazimisha. Kwa mmoja zilikuwa siku 18 tu, na kwa wengine ilikadiriwa kwamba zingepita 200. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Basi uwe mvumilivu. Ukianguka leo, kesho endelea. Usingoje mwaka mpya.

Siri ni kulifunga jambo jipya kwenye jambo la zamani lisilokosekana. Ukisema «nitatembea nikipata nafasi», hutaipata. Sema: «Nikitoka kazini, nashuka kwenye daraja na kumaliza njia kwa miguu.» Sema: «Chungu kikiiva, chumvi haiji mezani.» Sema: «Watoto wakienda kulala, simu yalala nao kabatini.» Mbuzi hufungwa kwenye mti uliokwisha kuota.

Kwa juma hili twawaomba jambo moja, wala si zaidi. Wale waliotimiza miaka 40 na hawakupimwa tansio mwaka huu, baba na mama pamoja, waende kupimwa. Na kila mmoja achague desturi moja ndogo, ile ambayo kazi yake humnyima. Mwambieni mtoto wenu mkubwa mmechagua nini. Watoto ni waangalizi wakali, hawasahau.

Bandu bandu huisha gogo, wahenga walisema, na ndivyo mchwa wanavyofanya kazi yao. Lakini hata nguzo hutengenezwa vivyo hivyo, kidogo kidogo, kila siku, na watu wa nyumba wakilala salama bila kujua. Tutaonana juma lijalo.